Asali ya Wadogo

Immakulata alikuwa hacheki. Mimi nimechekesha watu Kasulu nzima, nimechekesha mpaka karani wa mahakama siku ya kesi yangu mwenyewe, lakini yule mama nilimpigia porojo miaka na miaka akaishia kuniangalia kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha kwa jirani. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alivuka toka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akapita Mabamba na kikapu kichwani, shemeji yake Reverien nyuma yake, mume hayupo. Nadhani ule mwendo hakuwahi kuumaliza. Ukimkuta amekaa mlangoni kwake unaona kabisa miguu bado inatembea.

Walipofika huku hawakwenda kambini. Wakapewa kipande pembeni, wakalima. Immakulata alilimia watu mihogo na maharage, akapata chakula, na nyuma ya nyumba yake akapanda tumbaku. Reverien akatundika mizinga. Baadaye ndio na sisi tukaletwa hapo na Operesheni Vijiji, tukapangwa kando ya barabara ya Kibondo, nyumba zimejipanga kama meno ya mtu asiyekula miwa. Kwa hiyo ukitaka ukweli, yule mkimbizi alikuwa mwenyeji na mimi Muha ndiye nilikuwa mgeni. Nilimwambia hivyo siku moja nikitegemea atacheka. Wapi.

Sasa nikueleze habari ya mama yangu, maana bila yeye nisingejua hata jani la tumbaku lina upande gani wa juu.

Huku kwetu mwanamke mtu mzima kuvuta kiko si ajabu, ajabu ni asiyevuta. Mama alivuta tangu sijazaliwa. Lakini kuchanganya hakujua. Baba ndiye aliyelima, akaanika, akachanganya, akafunga misokoto. Kazi ya mama ilikuwa kuvuta na kutoa kasoro. "Leo umeifanya kali, unataka kuniua uoe?" Baba anacheka, anarudi kwenye majani yake. Ndivyo walivyopendana hao, kwa kutukanana kupitia tumbaku.

Tulipohamishwa mwaka wa sabini na nne tuliacha nyumba, migomba, na shamba la tumbaku likiwa limefika magotini. Baba hakumaliza mvua za kwanza kijijini. Tukamzika hapo, kwenye udongo ambao hakuupanda hata mgomba mmoja.

Mama akaingia ndani akageukia ukuta. Hakulia. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia lala, analala. Usipomwambia, basi. Nikamletea sigara, akaishika kama mtu aliyeshikishwa mguu wa kuku mbichi. Nikaenda Kasulu mjini kwa Khatibu mwenye duka, nikamnunulia tumbaku ya pakiti. Akavuta mara moja, akakohoa, akasema, "Inanuka sabuni," akarudia ukuta wake. Nikamfanyia vichekesho vyangu vyote, hata kile cha padri na mbuzi ambacho hakijawahi kushindwa. Nilikuwa nachekesha mgongo.

Halafu mke wangu akabadilishana na Immakulata, maharage kwa msokoto wa tumbaku. Akakata kidogo, akamjazia mama kiko, akamwashia. Mama akavuta. Akatulia. Akavuta tena, akageuka toka ukutani.

"Nani kafunga hii?"

Ndugu yangu, sikuwa nimesikia mama akiuliza kitu tangu tumzike baba. Kuanzia hapo akawa anatoka nje, anakaa na wenzake, anauliza mahindi yamefikia wapi, na mimi ananitukana kila nikipita. Mama akinitukana najua leo amekula. Msokoto ukiisha na mwingine haujapatikana, anarudi ndani. Ilikuwa hivyo tu, kama taa na mafuta yake. Na mafuta yalikuwa kwa Immakulata.

Sasa ukafika mwaka wa sabini na tisa. Vita ya Kagera ndiyo imetoka kuisha, sukari hakuna, sabuni hakuna, watu wamechoka mpaka mbwa wanabweka wamekaa. Likaja tangazo: wakimbizi wa Burundi waliojichanganya vijijini wahamie Mishamo, huko mbali, wakapewe mashamba yao. Malori yatakuja. Reverien akasema, "Tutalima tena," kwa sauti ya mtu anayesema ataumwa tena.

Mimi nikafikiria kitu kimoja: mama. Lori likiondoka na yule mwanamke, mama anarudi ukutani, na safari hii hatatoka. Nikaenda asubuhi hiyo hiyo.

"Mwaramutse, mama Immakulata."

"Mwaramutse, Evaristi. Umekuja kunipigia kelele?"

"Nimekuja unifundishe kufunga tumbaku."

"Wewe?"

"Mimi. Darasa la nne niliacha mwenyewe, sikufukuzwa, kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha. Nikianza sasa hivi, mchana nitakuwa nimekupita."

Hakucheka. Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Alinifundisha, na alifundisha kama anavyofanya kila kitu, kwa maneno machache na kupumzika katikati. Majani ya chini ni mapole, haya yanaanikwa juani. Ya juu ni makali, haya yanatundikwa juu ya jiko yale moshi mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi. Ya chini mengi, ya juu machache. "Kama watu," akasema. Unatoa ule mshipa wa katikati. Unayalaza moja juu ya jingine, unayanyunyizia, unasokota, unafunga kwa gamba kavu la mgomba, unakaza kamba kila siku, mpaka msokoto utoe jasho wenyewe. Ndipo unakata.

"Unanyunyizia nini?" nikauliza.

"Maji na asali."

"Asali ipo tele."

"Si hiyo. Asali ya wadogo."

"Wadogo gani?"

Akaangalia pembeni. "Wadogo. Wewe si Muha? Unajua."

Kumwambia mtu kama mimi "unajua" ni kumziba mdomo. Ningekufa pale pale kuliko kusema sijui. Nikasema, "Ah, hao! Hao nawajua sana."

Nikarudi nyumbani nawaza wadogo. Nikawaza vizuri, maana nina akili mimi. Mume wake alikuwa na mdogo wake, ndiye huyo Reverien. Reverien ana mizinga. Na wanawake wa kwao wana heshima sana na watu wa upande wa mume, hawawataji ovyo. Basi asali ya wadogo ni asali ya wadogo wa mume! Nikajipongeza kwa sauti. Nikaenda kwa Reverien nikachukua asali, nyekundu, nzito, kijiko kinasimama. Nikaimimina bila ubahili, kwamba kama inafaa kidogo, nyingi itafaa zaidi.

Msokoto wangu ulitoa jasho kweli. Ulitoa jasho, ukatoa povu, ukaita sisimizi wa kijiji kizima. Nikakata hivyo hivyo, nikampa mama. Kiko kikaanza kukoroma kama chura. Mama akavuta, ulimi ukamuungua, akakitoa mdomoni akakiangalia. Hakunitukana. Angenitukana ningefurahi. Alikiweka chini tu, akaingia ndani.

Nikarudi kwa Immakulata mbio na kile kinata changu mkononi. Nikamkuta anakunja mikeka. Reverien alikuwa juu ya paa anang'oa bati lake moja.

"Malori keshokutwa," Immakulata akasema. Akachukua tumbaku yangu, akainusa, akabana kwa vidole, vidole vikagandana.

"Umetia asali gani?"

"Ya wadogo, kama ulivyosema. Ya mdogo wa mume wako huyo hapo juu."

Akaniangalia. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Mwanamke niliyemhangaikia miaka yote, nikamchekesha siku ambayo sikuwa natania. Reverien akachungulia toka juu kuona kuna nini.

"Si wadogo hao," akasema alipopata pumzi. "Mungu wangu. Si hao."

"Basi nitajie ni wadogo gani!"

Kicheko kikakatika. Akaendelea kukunja mkeka.

"Siwezi."

"Mama Immakulata, unaondoka. Mama yangu ameshaingia ndani. Nitajie tu neno moja."

"Jina lao amelichukua baba mkwe wangu."

Hapo hata mimi nikaelewa, maana na kwetu ipo. Mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala kitu chochote chenye jina hilo. Kama mzee anaitwa Mvua, mkwe wake atasema maji yanashuka, mpaka anakufa. Lakini hii ilikuwa shida yangu na haraka yangu, nikamshambulia.

"Huyo mzee yuko Burundi huko! Hakusikii. Labda hata..." Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimeshafika mbali.

"Labda amekufa," akamalizia yeye, bila hasira. "Sijui. Tulimwacha amekaa, alisema hawezi kutembea. Sijui kama yu hai. Kama yu hai mimi bado mke wa mwanawe. Nyumba sina, mume sina, na hapa naondoka tena. Nikimtaja na yeye, Evaristi, nitakuwa nimebaki na nini?"

Nikaokota mkeka mwingine, nikamkunjia. Mimi. Mwishoni akanihurumia, akainua kidevu kuelekea kwenye paa.

"Muulize yule. Mzee ni baba yake, yeye anaruhusiwa kumtaja." Akaenda zake nyuma ya nyumba, asisikie.

"Reverien," nikasema, "baba yenu anaitwa nani?"

"Buhura."

Nikajipiga paji la uso mpaka Reverien akacheka. Buhura! Wale nyuki weusi wadogo kama mbegu za mchicha, wasio na mwiba, wanaokuingia machoni na masikioni ukiwa shamba. Ubuhura. Asali yao nyepesi kama maji, ina uchachu, haijazi hata kiganja. Asali ya wadogo! Mtoto wa miaka minne angejua, ila mtoto wa miaka minne angeuliza.

Nikazunguka porini siku nzima. Kuwatafuta wale ni kutafuta tundu la sindano kwenye msitu. Niliwakuta kwenye mti uliokauka kando ya kijito, wanatokea kwenye kijibomba cha nta chembamba kama bua. Nikachimba na panga mpaka mikono ikatoka malengelenge, wananijaa puani, nikapata asali ya kujaza kikombe nusu, pamoja na takataka. Kesho yake nikaichuja kwa kitambaa, na siku ya malori nikaenda nayo kwa Immakulata aionje kabla hajaondoka, aseme ndiyo au hapana.

Nilikuta mlango umeng'olewa. Walipakiwa mapema. Nyuma ya nyumba alikuwa amevuna tumbaku yake yote, akaacha rundo la majani limefungwa kamba, ya chini na ya juu mbalimbali, jiwe juu yake. Sikuhitaji kuambiwa ni la nani.

Nikafunga peke yangu. Sasa kipimo nani anipe? Ilibidi nionje mwenyewe, na mimi ni mtu wa sigara, kiko sikijui. Maji mengi, asali kidogo, nikavuta, nikatapika. Ya juu mengi mno. Nikapunguza, nikavuta, nikakaa chini nikisubiri dunia iache kuzunguka. Mke wangu akasema nikifa hatanizika na harufu ile. Nikaendelea. Mama alikuwa ndani kaangalia ukuta, na kila nikipita mlangoni naona mgongo ule ule.

Msokoto ulipotoa jasho la kweli, lenye harufu ya matunda yaliyoiva zaidi ya kiasi, nikakata, nikamjazia kiko, nikamwambia, "Immakulata amekuletea hii."

Akavuta. Akatulia. Hakugeuka.

Akavuta tena, moshi ukapanda kwenye ukuta. Halafu akageuka, akaniangalia kiganjani, palipopasuka kwa panga.

"Ameondoka lini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Yule mwanamke hukata nyembamba kama nywele. Hii imekatwa na mtu anayemkatia ng'ombe majani."

Nikamwambia. Malori, Mishamo, yote. Akasikiliza, na kiko kikazimika mkononi mwake hakukiwasha. Nikaona macho yanaanza kurudi kule ukutani, nikasema basi, kazi yangu yote imekwenda na maji.

"Asali ni yenyewe," akasema.

Akabonyeza tumbaku kwenye kiko kwa kidole gumba.

"Imebaki?"

"Imebaki kidogo. Na majani yapo."

Akaweka kiko chini. Kisha akaweka mkono sakafuni, akajisukuma, akainuka nusu, akapumzika, akainuka yote.

"Lete kisu. Kinoe kwanza, nakujua."

Tukakaa nje mlangoni. Akaweka msokoto juu ya ubao akaanza kukata. Kila baada ya vipande vichache anaacha, anafunga macho, anaanza tena. Vilitoka vyembamba. Si kama nywele, lakini vyembamba. Nikasema kitu cha kuchekesha pale, sikumbuki nini, nilikuwa nimechoka.

"Nyamaza," mama akasema. "Shika hapa."

Nikashika.