Wadudu wa Jumamosi

Mpaka leo nikisikia mtu akisema wadudu huletwa na uchafu, damu inanichemka. Mimi niliambiwa hivyo na mume wangu mwenyewe, miaka ya hamsini, tulipokuwa tukiishi kambini kwenye shamba moja la kahawa Ruiru. Mimi nilichuma kahawa. Yeye alikuwa na kazi katika kiwanda cha ngozi Thika, akilala huko huko na kuja nyumbani Jumamosi. Hebu fikiria: mtu anayeshinda na ngozi mbichi wiki nzima ndiye aliyeingia mlangoni akaziba pua.

"Nyumba hii ina kunguni," akasema.

Hawakuwa kunguni wa kitanda, na yeye alijua. Kunguni wa kitanda hana mabawa, na anauma. Hawa walikuwa wapana mgongoni, weusi wenye mabaka meupe na ya rangi ya chungwa, na walitoka kwenye kahawa wakiruka. Hawakumuuma mtu. Lakini ukimkanyaga mmoja, nyumba nzima inanuka kama dania iliyooza, hata ugali haupiti kooni. Kila mwanamke pale kambini aliwajua.

Mume wangu hakutaka kusikia. Mimi ni mchafu, akasema, na mtoto wake hatakulia kwenye uvundo. Akamchukua binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema maneno yanayoeleweka, akapanda naye gari la moshi hadi kwa mama yake huko magharibi. Mtoto angerudi nyumba ikiwa safi.

Basi nikasafisha kama mwenda wazimu. Nilikandika nyufa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba chini ya mlango kwa gunia, nikatoa kuni zote nje, maana tulichoma matawi yaliyokatwa kwenye kahawa na wadudu hujificha humo. Waliobaki sikuwaponda, niliwafagia nikawatia kwenye mkebe wa maji ya sabuni. Katikati ya wiki nyumba ilikuwa shwari. Jumamosi wakajaa tena, naye akanitazama kana kwamba nimewazaa mimi.

Jumamosi ilikuwa na nini? Ilikuwa na yeye na karabai yake, taa ya pampu yenye mwanga mkali. Sisi wengine kambini tulitumia koroboi. Yeye aliiwasha karabai mezani, akaacha mlango na dirisha wazi ili majirani waone nyumba yake inavyong'aa. Majirani waliona. Wadudu pia waliona.

Jumamosi iliyofuata, giza lilipoanza kuingia, niliichukua ikiwaka nikaitundika nje kwenye mti wa kamba ya nguo, nikarudi ndani na kufunga mlango. Akafoka. Nikamwambia angoje. Tulipotoka, wadudu walikuwa wameizunguka taa, wengine wakitambaa juu ya kioo. Ndani hatukumwona hata mmoja.

"Haya, baba watoto, nani amewaita?"

Aliishusha taa akaizima.

"Sasa niletee mtoto wangu."

"Mama amekwisha kumzoea," akasema. "Tumwache huko kwanza."

Nilimtukana usiku ule mpaka majirani wakagonga ukuta. Haikusaidia kitu. Nilipomwona binti yangu tena, meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alinipa mkono kwa heshima, akaniuliza habari za safari, kisha akaenda kukaa na bibi yake.