Nilianika Zumari la Mkwe Wangu Kwenye Hita

Jamani, kosa ni langu, wala sina wa kumsingizia. Nimekaa nalo tangu siku ya harusi, na kila nikisikia mkwe wangu akitaniwa, masikio yananiwaka kwa aibu.

Mimi ni mpiga ngoma. Nimezaliwa Tanga, naishi Tottenham, na harusi nyingi za Watanzania hapa London nimezipigia mimi. Mpwa wangu Neema alipochumbiwa na Calum, kijana wa Kiskoti mpole kama nini, familia ikaamua kumpa zumari la kwao, lile lenye mfuko wa kubana kwapani na mabomba matatu begani. La aina hiyo alipiga tangu utotoni. Angelipuliza bibi harusi akiingia ukumbini. Nani alichague na kuliandaa? Mjomba, bila shaka!

Nikaenda Walthamstow kwa mzee mmoja Mskoti anayeuza mazumari yaliyotumika. Akaniambia haya mapya yanayong'aa ni ya kutundika ukutani, chukua hili kuukuu. Hapo nilimsikiliza. Akasema pia nichukue mfuko wa kisasa, maana wa ngozi unasumbua. Nikacheka! Mimi nifundishwe ngozi?

"Basi upake mafuta haya kwa ndani," akasema, "na usiuweke karibu na moto."

Nikaitikia, yes, yes. Moyoni nikasema huyu mzee hajui kitu. Ngozi bila moto italiaje? Ngoma zangu zote nazipasha kwanza.

Asubuhi ya harusi nikaushika mfuko, nikaona umelegea, una unyevunyevu. Nikaulaza juu ya hita, ile radiator ya ukutani, nikaenda kunyoa ndevu. Niliporudi ulikuwa umekakamaa, na mimi, mjinga, nikafurahi!

Ukumbini, Neema kasimama mlangoni na shela lake. Calum akapuliza. Mashavu yakavimba, uso ukawa mwekundu kama nyanya. Fsssss! Akapuliza tena. Fsssss! Upepo wote unatokea kwenye nyufa za ngozi. Neema akaingia kwa vigelegele vitupu.

Shangazi yake hakuchelewa. "Maskini mwanetu, kaolewa na mtu hana pumzi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijua, nikanyamaza, nikacheka.

Miezi yote hii shangazi anamwita Hana Pumzi. Jumapili iliyopita nikashindwa. Wenzetu wakila pilau sebuleni, nikamvuta Calum jikoni.

"Mwanangu, lile zumari nililiharibu mimi."

Akatabasamu. "Najua, Mjomba. Nilijua siku ile ile. Ngozi ilikuwa na mistari ya radiator."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wangekucheka wewe. Wewe ndiye fundi wa ngoma."

Nililia, jamani! Mtu mzima, mwiko mkononi, nalia mbele ya sufuria.

Akaniomba nisimwambie shangazi, na nimeahidi sitamwambia. Ila najua ukurasa huu anausoma kila wiki.

Wenzangu mnaojua kitu kimoja vizuri, mkikabidhiwa cha watu ulizeni, na mkijibiwa sikilizeni. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, usimwache mwenzio abebe aibu yako huku wewe unakula keki.

Na wewe shangazi, ukifika hapa, kijana umwache. Pumzi anayo. Aliyekosa akili ni mimi.