Viatu vya Baba Viko Njiani

Baba yangu ana miguu. Najua kila mtu ana miguu, lakini ya Baba ni miguu kweli: namba kumi na tatu, mipana huku mbele, na kidole gumba kinachotaka chumba chake peke yake. Ukitaja namba hiyo kwenye duka la viatu hapa Nakuru, muuzaji anacheka, halafu anaita mwenzake aje naye acheke. Ndiyo maana kwa miaka mingi Baba amevaa gambuti tu, yale mabuti marefu ya mpira. Mimi nauza dawa za mifugo, mbegu na gambuti hapa mjini, kwa hivyo zikija kubwa namwekea jozi. Kule kwake Olenguruone anazivaa shambani kwenye viazi, anazivaa sokoni, anazivaa hata matangani.

Basi kanisa lake likamchagua kuwa mzee wa kanisa. Angesimikwa Jumapili, mbele ya watu wote, pamoja na wenzake wanne. Akanipigia simu. Baba si mtu wa kuomba kitu. Aliongea juu ya mvua, akaongea juu ya ng'ombe, akaniuliza bei ya chumvi ya ng'ombe ambayo anaijua vizuri, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hao wengine wote wana viatu."

Ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Na akiniita hivyo kwa ile sauti, mimi nimekwisha.

"Baba," nikamwambia, "hiyo wachia mimi."

Nikaingia mtandaoni. Haikuchukua hata nusu saa, nikavipata: vyeusi, vya ngozi, vya kamba, namba kumi na tatu, viko Nairobi. Waliandika kwamba vingenifikia kwa siku tatu. Jumapili ya kusimikwa ilikuwa mbali, wiki mbili nzima. Nilijiona mjanja sana. Picha ya vile viatu niliwaonyesha wateja wote, hata wale waliokuja kununua dawa ya minyoo.

Siku ya tatu nikaletewa ujumbe: mzigo wako uko njiani. Siku ya tano bado uko njiani. Siku ya nane nikapiga simu kwa wenye kusafirisha, nikapokelewa na dada mwenye sauti tamu, akaniambia mzigo umefika salama.

"Umefika wapi?"

"Karagita, madam."

Haki nilichemka. "Dada, Karagita ni Naivasha! Mimi niko Nakuru. Viatu vyangu vimeenda huko kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua?"

Akaomba radhi. Huyo dada alijua kuomba radhi, nadhani alisomea. Aliniomba radhi mara nne, na mwisho nikajikuta namwambia pole na kazi.

Baba naye alikuwa akipiga simu kila jioni. "Vimefika wapi, mama?" Nami nilikuwa na jibu moja tu: "Viko njiani, Baba. Vimekaribia." Ningemwambiaje viko Karagita?

Na wacha niseme ukweli, mimi mwenyewe si malaika. Mkulima akija kuniuliza dawa ya kupe nami sina, simwambii sina. Namwambia inakuja kesho asubuhi. Huku kwetu kumwambia mtu ukweli mkavu juu ya mzigo wake ni kama kumfukuza. Aliye kitandani anasema ndio huyo anafunga mlango. Aliye bafuni anasema ameshafika stage ya magari. Na anayengoja anajua ni uongo, anashukuru tu kwamba amefikiriwa.

Ikafika Ijumaa, siku mbili kabla ya kusimikwa. Mzigo bado haujafika. Saa saba mchana niliamua njaa isiniue bure, nikaenda kwa kibanda cha mathe mmoja, mama anayepika chakula nyuma ya duka, nikaitisha chapati na maharagwe. Sijameza hata tonge la tatu, simu ikalia. Ni mtu wa pikipiki, ana mzigo wangu!

"Madam, niko hapa nje ya duka lako," akasema. "Nimengoja kitambo. Uko wapi?"

Mimi na kijiko mkononi nikamjibu, "Mbona na mimi nimesimama hapa mlangoni na sikuoni?"

"Nimesimama karibu na bango."

"Bango gani? Mimi ndiye nimeegemea bango!"

"Madam, usinipotezee wakati, jua linanichoma."

"Linakuchoma wewe? Na mimi?"

Hapo mathe wa kibanda akapaza sauti: "Nani ameitisha matumbo?" Nikamsikia kwa sikio la kushoto. Nikamsikia pia kwa sikio la kulia, ndani ya simu. Halafu ile sauti ya simu ikasema, "Ni mimi, mathe, lete hapa," na nikaisikia mara mbili, ya pili ikitoka nyuma ya mgongo wangu.

Niligeuka polepole. Aliketi benchi la nyuma, tumeachana kiasi cha mkono: mtu mzima mwenye kitambi, kofia ya pikipiki mezani, simu sikioni, ananitazama. Chini ya benchi kulikuwa na boksi kubwa lenye namba yangu ya simu, na juu ya boksi alikuwa ameweka miguu yake.

"Toa miguu kwa viatu vya baba yangu," nikamwambia.

"Kumbe wewe pia uko hapa?" akasema, na alionekana ameumia kabisa. "Madam, si ulisema uko mlangoni?"

Ningemfokea vipi? Nilikuwa na maharagwe mdomoni. Nikatia sahihi, tukamaliza kula kila mtu akiangalia ukuta wake. Mathe alicheka mpaka akaketi.

Jumamosi ndiyo siku ya wakulima mjini, na tajiri wangu, mwenye duka, alikuwa amesafiri na kuniachia duka mpaka Jumapili. Kwa hivyo nilifanya vile kila mtu hufanya: nikaamka mapema, nikapeleka boksi kwa ofisi ya stage ya magari ya Olenguruone, wakaandika jina la Baba na namba yake kwa kalamu nene, wakaniambia lingeenda na gari la kwanza. Nikampigia Baba. "Leo viko njiani kweli," nikamwambia. Akacheka.

Jumapili alasiri akanipigia yeye. Ee, alikuwa na furaha! Amesimikwa. Watu wameimba. Mchungaji amemshika mkono.

"Na viatu, Baba?"

"Mama, vilinitosha kabisa. Nilivipaka rangi mpaka vikang'aa. Watu walikuwa wananiangalia miguu tu."

Hapo nilipaswa kujiuliza ni nani anayepaka rangi viatu vipya. Sikujiuliza. Niliruka ruka katikati ya magunia ya chakula cha kuku, nikamwambia mteja aliyekuwepo kwamba baba yangu ni mzee wa kanisa na ana viatu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia tena. Ni ofisi ya stage.

"Mathe, hili boksi lako la Olenguruone utalitoa lini? Jumamosi gari lilijaa magodoro, boksi likabaki. Linatuzibia mlango."

Niliketi kwenye gunia. Akilini nilimwona Baba akitoka mbele ya kanisa zima na gambuti, pamoja na hao wanne wengine wenye viatu. Nikaumia sana. Halafu nikamwachia tajiri duka lake, nikachukua boksi langu, na safari hii nikalipeleka mwenyewe.

Nilifika Olenguruone mchana. Kutoka kwenye geti nilimwona Baba barazani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Miguuni ana gambuti. Sijui ni shetani gani alinishika, nikasimama pale getini nikampigia simu.

"Uko wapi, Baba?"

"Niko kanisani, mama," akasema, huku punje za mahindi zikimwangukia mapajani. "Sisi wazee tuna kikao."

"Umevaa vile viatu?"

"Ndivyo nimevaa, hivi ninavyoongea. Wewe uko wapi?"

"Niko dukani. Wateja ni wengi."

Jogoo wake akawika. Niliona Baba akiitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Halafu akainua macho akanikuta getini, boksi kwapani. Hakuna aliyekata simu.

"Mama," akasema, bado kwenye simu, "siku hizi huko dukani mnafuga jogoo?"

"Tunaye mmoja, Baba. Na huko kanisani?"

Alicheka mpaka gunzi likamponyoka. Niliingia nikaketi chini karibu naye. Zile gambuti zilikuwa zimepakwa rangi ya viatu kuanzia juu hadi chini, mara kadhaa, kwa mkono wa mtu asiye na haraka.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ulihangaika wiki mbili," akasema. "Ningekuambia ungelia."

"Si sasa nalia!"

"Basi nilikupunguzia siku moja."

Nikafungua boksi, nikamvua gambuti mwenyewe, nikamfunga kamba za viatu vipya. Akasimama. Akatembea kutoka barazani mpaka kwenye tangi la maji, akarudi, uso umekunjamana kwa kufikiri. Akaketi, akavitazama, akazitazama gambuti zake zinazong'aa pale kando.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini vya Jumapili vilinitosha kuliko hivi."