Habari za Nyumbani Haziulizwi Mizanini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu, mwanangu, sikuwa mbele ya kompyuta. Nilikuwa kijijini kwetu Ipole, kwenye mizani ya asali, na baba yako amesimama kando yangu na viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi. Alikuwa bado mchumba tu. Nilikuwa nimempeleka nyumbani kumtambulisha, naye alitaka sana kupendwa na wakwe, tabia ambayo mpaka leo hajaiacha.

Wakati ule nilikuwa Dar es Salaam, namalizia shahada ya juu ya kompyuta. Watu wakiniuliza nasomea nini nilikosa jibu fupi, maana hili jina la akili mnemba lilikuwa halijafika midomoni mwa watu. Niseme hivi: nilitengeneza soko ndani ya kompyuta. Humo nikaweka wauzaji na wanunuzi wa kubuni, programu zinazojifunza zenyewe kupatana bei. Mnunuzi wangu mmoja alikuwa hodari kupita wenzake wote. Alijifunza kumtambua muuzaji mwenye haraka, na akishamtambua anamkandamiza mpaka chini kabisa. Profesa wangu alifurahi. Kampuni moja ya kununua mazao ikasikia, ikaniahidi kazi mara nitakapomaliza, niwatengenezee mnunuzi kama yule. Nilifurahi mno, sikufichi. Binti wa mrina asali, hata joho sijavaa, kazi inanisubiri!

Babu yako na wenzake walikuwa wametoka kambini msituni na madumu yao wameyafunga kwenye baiskeli, na mnunuzi alikuwa amekuja na pikapu kutoka mjini. Nyumbani hali haikuwa nzuri. Bibi yako alikuwa amelazwa, na madaktari walitaka apelekwe hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji upesi. Babu yako alikuwa hana njia ila auze asali yake siku ileile.

Sasa, kuna adabu moja ya pale mizanini ambayo mgeni haijui. Unajua sisi tunavyosalimiana: za nyumbani, za mama, za watoto, za shamba, mpaka ugali unapoa. Lakini mnunuzi akishatundika mizani yake, salamu zinakatwa. Shikamoo, marahaba, basi. Habari za nyumbani haziulizwi, kwa sababu jibu lake litaingia masikioni mwa mnunuzi. Mwenye mgonjwa hawezi kurudi na asali yake nyumbani, na mnunuzi akilijua hilo amekushika pabaya. Hakuna anayekaa kitako kufundisha jambo hili. Tulikua nalo tu, na ndiyo maana halikunijia kwamba baba yako, mtoto wa Tabora mjini, halijui.

Akamwendea babu yako, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na kuuguza. Mama anaendeleaje? Siku ya upasuaji mmeshapangiwa?"

Aliuliza kwa upendo wa kweli, na kwa sauti ya kusikika, kama alivyolelewa. Yule mnunuzi, ambaye alikuwa ameshakubaliana bei na babu yako, akainua kichwa.

"Pole kwa mgonjwa, mzee," akasema. "Ila asali yako naona ina maji. Kwa bei ile siwezi."

Asali haikuwa na maji. Ilitoka msitu uleule na kambi ileile kama ya wenzake, ambayo mnunuzi alikuwa ameisifu muda mfupi tu uliopita. Nilimtazama yule mtu, nikamfahamu. Nilimtengeneza mimi, Dar es Salaam, nikapongezwa.

Aliyeinuka ni Mzee Mihayo, mkubwa wa kambi yao. Wala hakubishana. Alichukua dumu la babu yako akaliweka katikati ya madumu yake mwenyewe, akarudi kuchukua lingine. Wenzake wakaelewa. Wakaleta yao nao, wakayachanganya, wakayapanga upya, mpaka hata wenyewe nadhani wasingeweza kusema lipi ni la nani.

"Hii ni asali ya kambi," akasema Mzee Mihayo. "Anayeuza ni mimi, na kwangu hakuna mgonjwa. Bei ni ile ya kwanza. Kama huitaki, tunafunga baiskeli zetu wote."

"Lakini mzee, mbona mnanifanyia hivi?"

"Pima, kijana. Jua linapanda."

Akapima. Asingeweza kula vumbi lote lile kisha arudi mjini na pikapu tupu. Bibi yako akapelekwa, akapona, na baadaye ndiye aliyekuogesha ulipozaliwa. Baba yako hakula mchana ule kwa aibu, na kwa baba yako kutokula ni jambo kubwa.

Jioni nikamweleza babu yako habari za ile kazi niliyoahidiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale penye mnunuzi.

"Huyo mnunuzi wako wa kwenye mashine, akijua mama yako anaumwa, anafanya nini?"

"Anashusha bei, baba."

"Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Amejifunza mwenyewe. Mimi nilimwambia anunue kwa bei ndogo, basi."

"Ungemwambia na mengine," akasema.

Hakukasirika. Angekasirika nisingelia.

Ile kazi niliikataa. Profesa akasema napoteza kipaji. Nikaanza upya kutengeneza masoko ambayo mnunuzi anataja bei kabla ya kujua anayeuza ni nani, na sikuwa na mfano mwingine ila madumu yale ya Ipole. Usidhani mambo yalininyookea. Nikificha jina la muuzaji, mashine inamtambua mwenye shida kwa jinsi anavyojibu haraka. Nikiziba hapo, inatoboa kwingine. Wenzangu walikuwa wanahamia kwenye nyumba zao, mimi napanda basi kwenda Urambo na Sikonge kuomba vyama vya wakulima wanijaribie programu ambayo pengine ingekwama siku ya soko. Kuna miaka nilijuta, nikawa na uchungu hata wa kumsikia mtu akitaja ile kampuni. Juto hilo limeisha, na mapenzi yangu kwa kazi hii bado ni makubwa.

Na wewe sasa umeitwa kazini na watu wenye mashine zinazomjua muuzaji kuliko mnunuzi yeyote wa pikapu. Simu inajua lini alinunua dawa, lini alikopa, lini alipiga hospitali. Umeniuliza mbona nimenyamaza ulipoleta habari njema. Sikukunyamazia kwa kukuchukia, mwanangu. Nilikuwa nakuogopea.

Siwezi kukukataza kazi. Una akili kuliko niliyokuwa nayo mimi, na kazi hii inawahitaji watu kama wewe. Ninachokuusia ni hiki: kabla hujatia saini, waulize mashine yao itamfanya nini mtu ikigundua kwamba hana pa kukimbilia. Wakikosa jibu, kaa nao mlitafute pamoja. Wakikucheka, chukua mkoba wako uondoke, hata kama nyumbani tutakula mlenda mwaka mzima. Na kila mashine utakayoitengeneza kwa mkono wako, iambie yote unayoyataka, usiiambie nusu, maana yenyewe haina haya ya kuifanya ile nusu tu.

Nenda, mama. Mungu akulinde barabarani na ofisini, akuzidishie akili, asikupunguzie huruma. Na siku mashine yako itakapomkuta mtu katika shida yake, Mungu aijalie impite bila kumgusa. Amina.