Kidole Changu Katika Barua ya Mjukuu

Mjukuu wangu wa kike tunamwita Hakimu tangu akiwa na miaka sita, alipowasimamisha wenzake wawili ukutani na kuwahukumu kwa kugombania kamba ya kuruka. Mmoja alikuwa kaka yake wa damu. Alimtia hatiani vilevile. Mama yao alipofariki niliwalea mimi, na Hakimu alijifunza kusoma chini ya meza ya cherehani yangu, kwenye magazeti niliyokuwa nakatia vipimo vya nguo.

Alitaka chuo cha sheria, na chuo cha sheria kina mtihani wa kuingilia. Aliufanya mara tatu, akapata alama arobaini na moja, thelathini na tisa, sabini na mbili. Mimi niliyeishia darasa la saba najua sabini na mbili ni sabini na mbili. Lakini fomu yao ilikuwa na kisanduku: "Eleza kwa nini ulirudia mtihani." Eleza! Kama vile mtoto kakamatwa na kuku wa jirani kwapani.

"Wanataka maelezo tu, bibi."

"Maelezo huombwa mwizi. Aliyepiga hodi mara tatu kakosa nini? Si wao hawakufungua?"

Akacheka. "Ungekuwa wakili wewe, mahakama ingefungwa saa nne asubuhi."

Alipokwenda kuoga aliiacha barua ya maelezo hayo mezani. Sikuchungulia, meza ni yangu. Mara ya kwanza, ameandika, "nilijiona najua, sikusoma." Kweli. Mara ya tatu: "Nilisoma miezi mitano, kila alfajiri." Kweli, shahidi mimi. Mara ya pili: "Nilichelewa dakika hamsini kwa uzembe wangu."

Damu ikanipanda. Asubuhi ile ya mtihani wa pili alikuwa ameshavaa viatu, kalamu mkononi, nami nikajishona kidole. Ndiyo, mimi, fundi wa miaka arobaini na mmoja! Sindano ilipita ukucha ikatokezea chini, utadhani ndiyo wiki yangu ya kwanza kazini. Yeye ndiye aliyezungusha gurudumu la cherehani polepole akanichomoa, akanifikisha zahanati, kisha akakimbilia mtihani na damu yangu kwenye shati. Nami nikamwapisha: asijue mtu. Wateja wangesema bibi kachoka.

Alipotoka bafuni alinikuta nimesimama.

"Uzembe wa nani huu?"

"Bibi, uliniapisha."

"Nilikuapisha unyamaze. Nilikuapisha ujisingizie?"

"Kisanduku kinataka sababu. Ningeandika jini alinishika mguu?"

Hasira yote niliyowawekea watu wa chuo ikageuka, ikanielekea mwenyewe.

"Futa," nikasema. "Andika bibi yako alijishona kidole. Na miaka arobaini na mmoja uitie, wasidhani najifunza."

"Una hakika?"

"Andika kabla sijabadili mawazo!"

Walimpokea. Siku ya kujiandikisha nilimsindikiza, amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Karani, kijana mwenye funguo za gari mezani, alifungua faili, akasoma, akautazama mkono wangu.

"Ndicho chenyewe, bibi?"

Nilikiweka juu ya meza yake, na ukucha wake uliopasuka.

"Ndicho. Na wewe, mwanangu, leseni ya gari uliipata mara ya ngapi?"

Akainamia muhuri wake. "Ya nne."

"Na maelezo yako nani anayo?"