Chai ya Mama Neema

Leo nimeaibika mbele ya mwanafunzi wangu, jamani.

Nilimpeleka mtaa wa Nateete kwa Mama Neema, Mkongomani niliyemtembelea zamani nikisomea ustawi wa jamii. Ziara yangu ya kwanza kabisa! Kalamu nne, sketi ya kuazima.

Mama akatumiminia chai.

Mwanafunzi akasema, "Asante nyabo, lakini chuo kinakataza kupokea kitu."

Nikatabasamu. Si mimi niliyemfundisha?

Mama akanigeukia. "Hata wewe ulikataa hivi hivi, mwanangu. Ulipoondoka niliosha vikombe vyote upya. Nilifikiri umeviona vichafu."

Miaka yote hiyo!

Nikanywa viwili. Mwanafunzi akaniangalia, akakunja fomu yake ya ziara, akavuta kikombe chake.

Nyie mliosomea kazi hii, mliacha vikombe vingapi mezani?