Bi Pima na Kadi ya Tisa

Siku niliyoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi, wifi yangu alinizuia kuchomeka birika la umeme. Alinisogeza kwa kiwiko, akatoa mita ya kupimia umeme kwenye mkoba wake wa sherehe, akaingiza sindano zake mbili kwenye soketi, akasoma, kisha akasema, “Haya wifi, sasa chemsha.” Nilimwambia mume wangu kwamba dada yake akili zimemruka. Akasema nitamzoea. Huu ni mwaka wa ishirini na sita na sijamzoea, ila mambo ya mwaka jana yamenifanya nikae chini nimwandike, mimi niliyekuwa nikimsengenya kuliko majirani wote.

Mtaa mzima unamwita Bi Pima. Neno “labda” linamchefua. Ukimpelekea redio ukasema labda imeungua, atakutazama juu ya miwani. “Umeipima? Hujaipima. Basi hujui.” Alifanya kazi karakana ya kituo cha redio miaka thelathini na sita, akastaafu, akaihamishia karakana hiyo kwenye chumba cha nyuma ambacho kwa haki kilikuwa changu cha kupigia pasi. Nilipigania chumba changu siku mbili nzima. Sasa napigia pasi sebuleni.

Basi Jumatatu moja mkuu wa chuo cha muziki alileta kreti, akaiweka juu ya meza yangu ya kulia chakula bila kuniuliza. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya sinthesaiza ya zamani, ile ya aina ya kabati. Mimi sikuijua, na kama nawe huijui usione haya. Ni ala ya muziki isiyo na nyuzi wala ngozi wala tundu la kupuliza. Inatumia umeme mtupu. Tena ni vipande vingi vilivyopangwa kabatini, kila kipande na kazi yake: hiki kinazaa sauti, hiki kinaichuja, hiki kinaifungulia mlango na kuufunga. Mpigaji huviunganisha mwenyewe kwa nyaya fupi, leo hivi, kesho vile.

Tatizo ni kwamba mtu fulani mwenye uchu wa aluminiamu alikuwa ameng’oa mabamba yote ya mbele, yale yenye vitufe na majina, akaenda kuyauza. Zilibaki kadi za saketi kumi na nne, vile vibao vyenye njia za umeme, uchi, bila hata herufi. Stoo ya chuo ilikuwa ibomolewe Ijumaa. Kadi ambazo Bi Pima angeweza kuzitambua na kueleza hali zake, chuo kingezitengenezea kabati jipya. Nyingine zote zingeenda kwenye vyuma chakavu.

“Siku nne,” alisema mkuu wa chuo. “Zitatosha?”

“Sijui,” akajibu wifi yangu. “Sijapima.”

Alasiri ileile akaja Mzee Mvua. Ni mzee wa miaka sabini na tatu, mwembamba, anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu, na jina hilo alilipata kutokana na mashine hiyohiyo. Kabla haijafika chuoni ilikuwa mali ya kituo cha redio, na yeye ndiye aliyekuwa akitoa sauti za michezo ya redio kwayo: mlango unaolia, treni, moto, na zaidi ya yote mvua. Watu wanasema alikuwa akianzisha mvua hewani, na wasikilizaji wanatoka nje kuanua nguo.

Kisha, miaka thelathini na minane iliyopita, mchezo ukiwa unakwenda hewani moja kwa moja, mhusika mmoja akasema mvua hiyo inakuja, na mvua haikuja. Studio ilikaa kimya kabisa. Wakubwa wakasema Mzee amechomeka nyaya ovyo akaiunguza mashine. Wakamwekea karatasi mbele: atie saini kwamba kosa ni lake, ahamishiwe chumba cha barua, au asitie, unga umwagike. Alikuwa na watoto wanne wadogo. Akatia saini. Mkewe hakumsamehe saini ile, kwa sababu alikuwa amemwambia akatae. Na yeye mwenyewe, miaka ilivyokwenda, alianza kuiamini ile karatasi.

“Bi Pima,” alisema, hata chai hajaigusa, “nina swali moja tu. Mashine ile niliiharibu mimi, au sikuiharibu?”

“Nitakujibu kabla ya Ijumaa,” wifi yangu akasema. “Nitakupa jibu lililopimwa.”

Kazi yenyewe aliianza kwa kutogusa umeme hata kidogo. Alichukua kadi mojamoja, akaiinua dirishani ili mwanga upite na njia za shaba zionekane, akazichora nyuma ya kalenda za zamani. Penseli nyekundu kwa umeme unaoingia, buluu kwa unaorudi, nyeusi kwa njia ya sauti. Kadi haipewi umeme mpaka mchoro wake ukamilike. “Siwezi kumwamsha mtu ambaye simjui jina,” aliniambia nilipomharakisha, maana nilitaka meza yangu.

Mzee Mvua alikaa pembeni yake akikumbuka. Kipande hiki kilikuwa na vitufe vitatu na matundu mawili, kile kitufe kimoja kikubwa. Bi Pima anahesabu mahali waya zilipokatwa, anaandika, anasonga mbele. Na anazisemesha kadi! “Haya bwana mdogo, wewe kazi yako nini hapa duniani?” Nilikuwa nikisikia hivyo jikoni nikicheka peke yangu.

Lakini kicheko kiliniisha nilipoanza kusikiliza. Kadi ya kwanza ilikuwa na transista mbili, vile vidude vya kukuza umeme, zilizogandishwa mgongo kwa mgongo, na juu yake kidude kidogo kilichopakwa uji mweupe. “Umeona wifi? Hizi mbili zimebananishwa ili zipate joto moja. Nani anajali joto kiasi hiki? Ni yule anayeogopa sauti isimhame. Hiki ndicho kipande kinachozaa sauti.” Alipoipa umeme baadaye ilitoa mlio mmoja ulionyooka, akaipulizia pumzi ya moto kama anayesafisha miwani, na mlio ukateleza pale pale. Kadi ya nne ilikuwa na transista zilizopangwa jozi juu ya jozi. “Hiyo ni ngazi. Sauti inapanda, na kila kidato inavuliwa ukali kidogo. Chujio hilo.” Kadi ya sita ilikuwa na kapasita moja, kitunza umeme, nene kama kidole gumba na vitu vichache sana. “Huyu hana sauti yake. Anajaa polepole, anapungua polepole. Yeye ndiye anayeiambia sauti izuke vipi na ife vipi.”

Kufika kadi ya saba nilibahatisha mwenyewe nikapatia, nikajiona profesa. Ya nane nikakosa vibaya, wakanicheka wote wawili.

Jumatano, karibu saa sita mchana, Mzee akiwa amekwenda kwake kula, Bi Pima aliiinua kadi ya tisa dirishani, akaishusha. Akaiinua tena. Kisha akaiweka kwenye kisanduku, akafunga kifuniko, akaenda jikoni kuosha vyombo.

Nataka unielewe: wifi yangu haoshi vyombo. Nilimkuta anasugua sahani ileile kwa mara ya tatu, na sahani ilikuwa safi tangu mwanzo. Nikafunga bomba.

“Wifi, kuna nini?”

Alikausha mikono, akanirudisha mezani, akanionyesha. Juu ya kadi, kando ya transista moja, kulikuwa na vitone vitatu vya rangi ya zambarau.

“Rangi ya kucha,” alisema. “Tulipoanza kazi karakana, msimamizi alitaka kila mwanagenzi atie alama kila alipochomea, ili akikosea ajulikane. Mmoja alitumia nyeupe, mwingine kijani. Zambarau nilikuwa mimi peke yangu.”

Kisha akanieleza, polepole, kama anayesoma mita. Kadi ya tisa ni ile inayotoa “shshsh”, mama wa mvua zote za Mzee. Transista ina miguu mitatu. Kwenye kadi ya aina hii, waliotengeneza waliukata mguu mmoja kwa makusudi, wakaipitishia umeme kinyume. Transista inalalamika, na malalamiko yake yakikuzwa ndiyo hiyo shshsh. Tena huchagua transista yenye kelele kuliko wenzake, mbovu kwa kazi nyingine zote. Bi Pima akiwa na miezi mitatu kazini aliletewa kadi hii aipanguse vumbi. Akaona mguu uliokatika. Akahuzunika kwamba fundi aliyemtangulia ni mzembe. Akaitoa ile transista, akaweka mpya, nzima, tulivu, akachomea miguu yote mitatu, akatia vitone vyake na kujisifu moyoni. Karakana haikuwa na kabati la kuijaribia. Kadi ikapanda studio ikiwa bubu. Wiki iliyofuata yeye akapelekwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo, nje ya mji, akakaa huko miaka minane.

“Niliambiwa kwamba Mzee ameiunguza,” alisema. “Na mimi nilimcheka pamoja na wengine.”

Hapo mimi nikasema jambo ambalo mpaka leo naona haya kulikumbuka. “Mwambie tu transista ilizeeka. Vitu huzeeka. Jina lake litasafika, na lako litabaki salama. Rangi ya kucha nani anaijua zaidi yako na mimi?”

Alinitazama juu ya miwani. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikwenda akavuta kiti, akakaa kuuelekea mlango.

Mzee aliporudi, Bi Pima hakumwacha hata akae. Alisimama, akasema, “Mzee, nilikuahidi jibu. Hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi,” kisha akamweleza yote, mguu, transista, vitone, bila kujitetea kwa ujana wake wala kwa msimamizi ambaye hakumfundisha.

Mzee Mvua aliinama akatazama vile vitone. Alivigusa kwa kidole.

“Nimebeba barua za watu miaka ishirini na mitano,” alisema.

“Najua, Mzee.”

“Hujui. Umeipima?”

Mzee akachukua kofia yake akatoka, na sisi tukabaki na ile chai yake ikipoa. Nilidhani ndiyo mwisho. Nilitaka kumfariji wifi yangu lakini yeye alikuwa ameshashika penseli, anachora kadi ya kumi. Alichora mpaka jua likaondoka dirishani, machozi yakimdondoka, akiyafuta kwa mkono wa gauni ili yasilowanishe kalenda. Siku zote nilidhani ana moyo wa bati. Siku ile nilimpenda wifi yangu, na nilijionea aibu.

Alhamisi asubuhi Mzee alibisha hodi. Hakusalimia vizuri, wala sikumlaumu. “Mvua yenyewe inaweza kurudi?” aliuliza.

“Inataka transista mbaya,” Bi Pima akasema. “Na masikio ya kuichagua. Mimi sina masikio hayo.”

Wakakaa. Bi Pima alitoa mikebe yake yote ya transista kuukuu, akawa anaziweka mojamoja, mguu mmoja hewani, spika ndogo ikisema shshsh. Mzee amefumba macho, hukumu haikawii. “Hiyo ni kukaanga.” Nyingine. “Hiyo ni mtu anafagia.” Nyingine. “Hiyo inakohoa, itoe.” Bi Pima anaitoa. Ya kumi na saba ilipolia, Mzee alifumbua macho. Aliomba nyaya, akaipitisha sauti kwenye chujio, kisha kwenye kadi ya sita, vidole vyake vikitafuta vitufe vya muda ambavyo Bi Pima alikuwa amevichomea. Mvua ikaanza. Kwanza matone ya mbali, halafu ikaja juu ya bati, ikanyesha hasa. Naapa niliitazama kamba yangu ya nguo.

Bi Pima hakuifurahia mvua ile. Alikuwa anaandika. Ripoti ya kadi zote kumi na nne ilikuwa imekamilika, kila moja na jina, kazi na hali yake, nakala ya chuo na nakala ya kituo cha redio. Alipomaliza akamgeuzia Mzee ukurasa, naye akasema hakuja na miwani. Kisha akasema, “Twende ukaisome nyumbani kwangu.”

Tulikwenda sote watatu. Mkewe Mzee alikuwa amekaa sebuleni, miguu juu ya kigoda, anachambua nyuzi za kufumia. Alimtazama Bi Pima, akamtazama mumewe. Bi Pima alisimama katikati ya chumba kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, akasoma:

“Kadi ya tisa. Kipande cha kutoa mvumo. Kiliharibiwa karakana na fundi mwanagenzi aliyebadilisha transista bila kuielewa. Fundi huyo ni mimi. Mpigaji wa mashine hakuhusika kwa namna yoyote, na maelezo aliyotia saini hayakuwa kweli. Kimetengenezwa. Kinafanya kazi.”

Mama yule aliziweka nyuzi pembeni. Alimsogezea mumewe kiti karibu na chake, akakipigapiga mpaka mumewe akakaa.

“Soma tena, mwanangu,” alimwambia Bi Pima. “Polepole.”

Wifi yangu akarudi juu ya ukurasa, akaanza upya.